Raiffeisen: Meya aliyewafanya maskini wakopesheke

MWEZI Agosti mikorosho ya Newala na Masasi huwa imechanua, lakini fedha ya korosho bado iko mbali. Minada hufunguliwa Oktoba, na malipo huja baadaye. Katikati hapo kuna ada ya shule, kuna mgonjwa wa kupeleka hospitali, kuna vibarua waliopalilia wanaodai chao. Ndipo anapobisha hodi mnunuzi wa kangomba, akiwa na fedha taslimu mfukoni, na kumaliza shida ya siku ile kwa korosho ambazo bado ziko juu ya mti.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa mfano, mkulima akipokea Sh 100,000 mwezi Agosti kwa ahadi ya kilo 100, na mwezi Novemba kilo moja ikamwingizia mwenzake Sh 2,500 baada ya makato, basi yeye amelipa Sh 250,000 kwa kukopa Sh 100,000 miezi mitatu. Mkopo wa chama cha akiba na mikopo (SACCOS) kwa riba ya asilimia mbili kwa mwezi ungemgharimu Sh 106,000. Mkulima anaijua tofauti hiyo, wala hahitaji kufundishwa. Anachojua zaidi ni kwamba mwenye kangomba hamuulizi maswali, wakati SACCOS na benki zinauliza: umewahi kukopa? Ulirejesha kwa wakati? Nani atakudhamini? Na mwenye shamba la urithi lisilo na hati, ambaye hajawahi kukopa popote pa kuandikwa, hana la kujibu.

Aliyetumia karibu maisha yake yote kutafuta jibu la maswali hayo alikuwa Mjerumani mmoja, Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Hakuwa tajiri, hakuwa na shahada, na sehemu kubwa ya maisha yake macho yake yalikuwa mabovu.

Mtoto wa saba

Raiffeisen alizaliwa Machi 30, 1818 katika mji mdogo wa Hamm, kando ya mto Sieg, kwenye nchi ya juu iitwayo Westerwald. Mwenyeji wa Newala angeielewa nchi ile upesi. Ni uwanda ulioinuka juu ya bonde la mto mkubwa, Rhine, na zamani hizo wakulima wake walikuwa na mashamba madogo, udongo usio na rutuba ya kutosha na barabara mbovu za kufikia masoko yaliyokuwa chini bondeni.

Alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake alipata kuwa meya wa Hamm, lakini familia iliishia katika ufukara na kijana hakuweza kupelekwa shule ya juu. Elimu aliyoipata baada ya shule ya kijiji alipewa na mchungaji wa kanisa lao. Mwaka 1835, akiwa na miaka 17, alijiunga na jeshi upande wa mizinga, na huenda angebaki huko hadi uzeeni kama si ugonjwa wa macho uliomlazimisha kuacha mwaka 1843. Akahamia utumishi wa serikali. Mwaka 1845, kabla hajatimiza miaka 27, aliteuliwa kuwa meya wa Weyerbusch, eneo la vijiji 22. Mwaka huo huo alimwoa Emilie Storck.

Umeya wa aina hiyo ulifanana zaidi na kazi ya mtendaji wa kata kuliko ya meya wa jiji. Alishughulika na barabara, shule, kodi na ugomvi wa mipaka. Alijenga shule, na alisimamia barabara ya kuteremkia bonde la Rhine ili mazao yafike sokoni. Barabara hiyo leo inaitwa kwa jina lake.

Unga wa mkopo

Mwaka wa pili wa utumishi wake njaa iliingia. Viazi vilikuwa vimeshambuliwa na ugonjwa uliosambaa Ulaya nzima, nafaka nazo zikakosa kustawi, na majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847 watu wa Weyerbusch walikuwa hawana chakula wala fedha. Serikali ilipeleka unga, lakini kwa sharti moja: utolewe kwa wenye kulipa taslimu tu. Kwa maneno mengine, unga ulipelekwa kwa watu wenye njaa ili wauziwe wasio na njaa.

Raiffeisen hakulifuata sharti hilo. Aliwakusanya wenye uwezo wa eneo lake, wakatoa fedha na kubeba dhamana, na unga ukagawiwa kwa maskini kwa mkopo wa kulipwa baada ya mavuno. Walijenga pia tanuri la kuokea mikate, wakaiuza kwa bei ndogo kuliko ya sokoni. Chama hicho kilijulikana kama Chama cha Mkate.

Mavuno yalipokuja, watu walilipa. Jambo hili ndilo lililobaki kichwani mwa meya yule. Watu waliohesabiwa kuwa hawakopesheki hata gunia moja la unga walikuwa wamekopeshwa, tena wakati mbaya kuliko wote, na wakarejesha. Kumbe kilichokuwa kinakosekana vijijini ni mtu wa kuwajua na wa kuandika kwamba wamelipa.

Ng'ombe wa mtu mwingine

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, eneo la vijiji 33. Huko alikutana na kitu ambacho mkulima wa korosho angekitambua hata kama jina lake ni la kigeni. Mkulima asiye na fedha alikuwa akipewa ng'ombe na mfanyabiashara. Alimlisha, alimtunza, alitumia samadi na maziwa, lakini ng'ombe alibaki mali ya mfanyabiashara mpaka deni liishe. Na deni lilikuwa haliishi. Riba na masharti viliongezeka, na siku mkulima aliposhindwa, ng'ombe aliondolewa, wakati mwingine akifuatiwa na shamba. Mnunuzi wa kangomba huchukua korosho za msimu mmoja, ila yule wa Westerwald alikuwa na uwezo wa kumaliza familia.

Desemba 1849 Raiffeisen aliunda chama cha kuwasaidia wakulima wasio na uwezo. Wenye mali wapatao 60 walijiunga na kubeba dhamana ya pamoja, kila mmoja kwa mali yake yote. Kwa dhamana hiyo chama kilipata fedha, kikanunua ng'ombe na kuwakabidhi wakulima wawalipe kidogo kidogo kwa miaka mitano. Baada ya muda ilionekana ni nafuu zaidi kumpa mkulima fedha akajinunulia mwenyewe, maana anayeujua upungufu wa zizi lake ni yeye.

Katika malipo hayo ya miaka mitano kulikuwa na faida nyingine ambayo haikuonekana haraka. Mtu aliyelipa awamu yake mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu alikuwa amejiandikia historia. Hakuwa tena mkulima fulani asiye na kitu. Jina lake lilikuwa kwenye daftari, na daftari lilisema analipa. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu zinazotunza taarifa za wakopaji, na benki huzitazama taarifa hizo kabla ya kutoa mkopo. Mkulima anayekopa kwa kangomba, hata akitimiza ahadi yake miaka 20 mfululizo, hana mahali popote alipoandikwa. Hiyo ni hasara ya pili ya kangomba, na huzungumzwa mara chache kuliko ile ya bei.

Huruma ilipochoka

Mwaka 1852 Raiffeisen alihamishiwa tena, safari hii Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied kando ya Rhine. Mwaka 1854 alianzisha chama kingine cha wenye uwezo, na hapa alikosea kwa kutaka kufanya kila kitu. Chama kilikusudia kulea watoto waliotupwa, kuwatafutia kazi waliotoka gerezani, kununua ng'ombe na kukopesha fedha. Muda si mrefu kazi nyingine zote zikafifia, ikabaki ya mikopo.

Tatizo kubwa lilikuwa kwa wenye mali wenyewe. Walikuwa wanabeba dhamana kwa ajili ya watu wengine, mwaka baada ya mwaka, bila wao kukopa wala kufaidika. Walianza kujitoa. Raiffeisen alikuwa Mkristo wa dhati na aliamini sana wajibu wa mwenye nacho kwa asiye nacho, hivyo alichukua karibu miaka kumi kukubali kilichokuwa wazi: chama kinachotegemea huruma ya wasiokopa hufa huruma inapochoka. Na aliyekopeshwa kwa huruma haoni uchungu sana asipolipa, kwa kuwa fedha si ya jirani yake anayelala na njaa kama yeye.

Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kiliundwa upya. Sharti jipya lilikuwa fupi: anayetaka kukopa awe mwanachama, na mwanachama abebe dhamana kama wengine. Kwa sharti hilo mkopaji na mdhamini wakawa watu wale wale.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ulipo ufundi wenyewe. Chama cha Raiffeisen kilihusu eneo dogo, kijiji au parokia moja, ambamo watu walifahamiana. Wanachama walidhaminiana bila kikomo. Mmoja akikimbia na deni, waliobaki walilipa, hata kwa kuuza mali zao. Wengi leo wakisikia hivyo watashtuka, lakini sharti hilo ndilo lililowapa maskini uwezo wa kukopa kwa wenye akiba. Mtu mmoja mwenye ekari mbili hakuwa dhamana ya kutosha, lakini watu 80 wenye ekari mbili mbili, wanaochungana, walikuwa dhamana ambayo mwenye fedha yeyote aliweza kulala usingizi juu yake.

Kuchungana huko hakukuwa kwa mdomo tu. Mkopo ulitolewa kwa jambo lililotajwa: mbegu, ng'ombe, paa la zizi. Aliyeomba fedha ya kununua ng'ombe na akaonekana kilabuni akiitumbua, chama kilikuwa na haki ya kuudai mkopo wote kwa notisi ya wiki nne. Kila mkopaji alileta wadhamini. Viongozi hawakulipwa mshahara. Aliyelipwa ni mtunza hesabu peke yake, naye hakuwa na kauli katika kuamua nani apewe mkopo. Faida haikugawanywa, iliingia kwenye mfuko wa akiba ambao hakuna mwanachama aliyeweza kudai fungu lake. Mwenye uzoefu wa vyama vya ushirika vya Tanzania anaweza kupitia masharti hayo moja moja na kujiuliza ni wapi chama anachokifahamu kilianza kuvuja.

Muda wa kulipa nao ulifuata shamba. Jambo hili lilimletea Raiffeisen ugomvi mkubwa na Hermann Schulze-Delitzsch, mwanasiasa aliyekuwa ameanzisha vyama vya mikopo vya mafundi na wafanyabiashara wa mijini. Schulze alishikilia kwamba mkopo uwe wa muda mfupi, miezi mitatu hivi, na kila mwanachama awe na hisa. Kwa fundi viatu anayeuza kila wiki hoja hiyo ni nzuri. Mkulima lakini hana cha kulipa mwezi wa tatu kama alikopa wakati wa kupalilia, na ng'ombe hajilipi kwa miezi mitatu. Raiffeisen alikataa kulegeza muda, ingawa kwenye hisa sheria ilimlazimisha kukubali hisa ndogo. Mkulima wa Masasi anayepewa mkopo wa kuanza kulipwa mwezi unaofuata, wakati mapato yake huja mara moja kwa mwaka, anaweza kusema ni nani kati ya wawili hao aliyemfahamu.

Kipofu mwenye duka la mvinyo

Yeye mwenyewe mambo yalimwendea vibaya. Mwaka 1863 Emilie alifariki dunia. Raiffeisen aliugua homa ya matumbo, macho yakazidi kuharibika, na mwaka 1865 alistaafishwa akiwa na miaka 47 tu, kwa pensheni ndogo isiyotosha kulea watoto. Alijaribu kiwanda kidogo cha sigara, kisha akafungua biashara ya mvinyo. Alioa tena mwaka 1867. Mtu aliyeanzisha chombo cha kuwakopesha maelfu aliendesha maisha yake kwa kuuza mvinyo, na hakuchukua faida yoyote katika vyama alivyoviunda.

Kitabu chake kuhusu vyama vya mikopo kilitoka mwaka 1866, na kilichapishwa mara tano kabla hajafa. Kwa kuwa hakuweza tena kusoma wala kuandika vizuri, binti yake Amalie ndiye aliyeandika alichotamka, akamsomea barua na kumjibia. Barua zilikuwa nyingi, za wachungaji, walimu na wakulima waliotaka kujua daftari linapangwaje na mkopaji anayechelewa afanyweje. Kwa sehemu kubwa kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili, ingawa jina lililobaki ni moja.

Mwaka 1872 alianzisha benki ya kuunganisha vyama, ili kijiji chenye akiba ya ziada kiweze kukikopesha kilichopungukiwa. Sheria zilikibana chombo hicho, na mwaka 1876 kikaundwa kingine kwa mfumo uliokubalika.

Hakuwa mtu asiye na doa. Katika maandishi yake ya uzeeni aliwabebesha Wayahudi, kama jamii nzima, lawama ya wakopeshaji wa riba kubwa, chuki iliyokuwa imeenea Ujerumani ya wakati ule na ambayo baadaye iliangamiza mamilioni. Kosa hilo lina uzito hata kwa hesabu za kiuchumi tu, kwani riba kubwa haina kabila. Wanunuzi wa kangomba wengine ni majirani wa wanaowauzia, wenye majina ya ukoo mmoja.

Raiffeisen alifariki Machi 11, 1888, akiwa amebakiza chini ya wiki tatu kutimiza miaka 70. Vyama vilivyofuata mfumo wake wakati huo vilikuwa zaidi ya 400.

Njia ndefu hadi Newala

Mwezi Septemba wa mwaka huo huo wa 1888, watu wa Lindi na Mikindani waliwafukuza maofisa wa kampuni ya Kijerumani waliokuja kutwaa pwani. Wajerumani walirudi kwa nguvu, na walipotawala walileta kodi ya kibanda. Vyama vya mikopo vilivyokuwa vimeenea katika vijiji vyao wenyewe wakati huo havikuwa miongoni mwa vitu walivyowaletea watu wa kusini.

Waingereza waliofuata walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 1923 iliwawekea mipaka wenyeji katika kukopa kwa wafanyabiashara wasio Waafrika. Deni lililotolewa bila kibali cha serikali halikuweza kudaiwa mahakamani. Sababu iliyotolewa ni kumlinda mwenyeji asinyonywe. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara mwenye akili hakumkopesha Mwafrika kwa maandishi, na vizazi viwili vya wakulima na wachuuzi vilikua bila nafasi ya kujenga jina la mkopaji anayeaminika. Benki zinapolalamika kwamba mkulima wa Tanzania hana historia ya mikopo, hiyo ni sehemu ya historia yenyewe.

Wazo la Raiffeisen lilifika kwa mlango wa nyuma, kupitia India. Ofisa wa Kiingereza wa Madras, Frederick Nicholson, alitumwa Ulaya kuvichunguza vyama hivyo, na taarifa yake ya mwaka 1895 ilichangia kuzaliwa kwa sheria ya vyama vya mikopo ya India ya mwaka 1904. Sheria za ushirika za makoloni mengine ya Uingereza zilifuata nyayo za India, na Tanganyika ilipata yake mwaka 1932. Hapa, hata hivyo, ushirika uliokua ulikuwa wa kuuza mazao, kahawa na pamba kwanza. Upande wa kukopeshana kwa kufahamiana, ambao kwa Raiffeisen ndio uliokuwa moyo wa chama, ulibaki nyuma kwa miaka mingi. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zikaingia kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao ulimpa mkulima karatasi inayothibitisha mzigo wake. Karatasi hiyo lakini hupatikana baada ya mavuno. Agosti bado haipo.

Uholanzi nako vyama vya Raiffeisen vilikua na kuungana na vyama vingine vya mikopo ya wakulima, na kutokana na muungano huo ikazaliwa benki ya Rabobank, ambayo herufi mbili za mwanzo wa jina lake zinatoka kwenye jina la Raiffeisen. Mwaka 2005 Rabobank iliongoza kundi la wanahisa lililonunua asilimia 49 ya benki ya NMB kutoka serikali ya Tanzania. NMB ina matawi Masasi na Newala, na kila msimu wakulima hupanga foleni pale kuchukua malipo ya korosho. Wengi wao wana akaunti ya kupokelea fedha tu, na Agosti ikifika hawaendi benki.